Kesi ya Nyani kwa Ngedere: Istilahi za Kiswahili katika Maombi ya Kuhamisha Upelelezi wa Mauaji, kwa Kurejelea Taita Taveta

1.0 Utangulizi

Wahenga walituonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani. Usemi huu hufundishwa tangu shule ya msingi, na mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu mara moja kwamba unahusu upendeleo. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Usemi unatuambia ni nani asiyefaa kupelekewa kesi. Hautuambii ni nani anayefaa. Mtu aliyefiwa, anayeamini kwamba polisi wa eneo lake hawataupeleleza kwa haki mkono uliomuua ndugu yake, hujikuta katika pengo hilohilo. Anamjua ngedere, lakini hajui mlango wa kubisha.

Makala haya yanakusudia kuchunguza lugha inayotumika pale mfiwa anapoiomba mahakama iuondoe upelelezi wa mauaji mikononi mwa polisi wa mahali na kuukabidhi kwa chombo kingine. Hoja yetu ni kwamba sehemu ya ugumu wa maombi haya inatokana na istilahi. Maneno uchunguzi, upelelezi, kesi, huru, kuelekeza na mauaji hutumiwa katika magazeti na mazungumzo kana kwamba mipaka yake haina umuhimu. Mbele ya sheria, mipaka hiyo ndiyo inayoamua kama mfiwa atasikilizwa au atarudishwa nyumbani. Mifano yetu itaanzia Taita Taveta, kisha tutaelekea kwingineko Kenya, Tanzania na India pale ambapo ulinganisho utatufaa.

2.0 Tukio la Mwaka 2009

Campbell Bridges alikuwa mwanajiolojia mzaliwa wa Scotland. Mwaka 1967 aligundua kaskazini mwa Tanzania kito cha rangi ya kijani kibichi, na miaka michache baadaye akakipata tena upande wa Kenya, katika ardhi ya Taita Taveta. Mwaka 1974 kito hicho kilipewa jina tsavoriti, kutokana na Tsavo, mbuga inayouzunguka mji wa Voi. Tarehe 11 Agosti 2009, Bridges, wakati huo akiwa na umri wa miaka 71, alivamiwa na kundi la watu karibu na migodi yake akiwa pamoja na mwanawe na wafanyakazi wao. Alifariki kutokana na majeraha. Polisi waliamini kwamba shambulio hilo lilihusiana na mgogoro wa miaka mitatu kuhusu migodi hiyo.

Kesi haikusikizwa Voi. Ilisikizwa katika Mahakama Kuu mjini Mombasa, takriban kilomita 150 kutoka hapo. Mwaka 2014, miaka mitano baada ya kifo, mahakama iliwatia hatiani wanaume wanne na kuwahukumu kifungo cha miaka 40 kila mmoja. Baadaye Mahakama Kuu ilifunguliwa Voi, na mkazi wa Mwatate, Wundanyi au Taveta hana tena haja ya kusafiri hadi pwani ili kesi ya mauaji isikizwe.

Tumelichagua tukio hili kwa sababu linadhihirisha hali ambayo huzaa maombi tunayoyajadili. Mahali palipo na madini, ardhi na leseni, watu wengi wana maslahi: wenye migodi, wachimbaji wadogo, wenyeji wanaodai ardhi ya mababu, na maofisa wanaoshughulikia leseni. Mauaji yakitokea katika mazingira hayo, swali la nani apeleleze huja mapema kuliko swali la nani aliyeua. Tanzania ilikutana na swali hilohilo mwaka 2006, kama tutakavyoona, na waliouawa huko pia walikuwa wafanyabiashara wa madini.

3.0 Kesi, Uchunguzi na Upelelezi

Tuanze na neno kesi. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili hubeba safari nzima: taarifa iliyoandikishwa kituoni, faili la mpelelezi, mashtaka, usikilizaji na hata hukumu. Mfiwa husema, "Tunataka kesi ihamishwe." Sentensi hiyo ina maana mbili. Maana ya kwanza ni kuhamisha usikilizaji kutoka mahakama moja hadi nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya, katika Sehemu ya 81, inaipa Mahakama Kuu uwezo huo waziwazi, kwa mfano pale inapoonekana kwamba haki haiwezi kupatikana katika mahakama ya kwanza. Maana ya pili ni kuhamisha upelelezi kutoka kwa maofisa fulani hadi kwa wengine. Hapa sheria ni nyembamba zaidi, na mlango ni mwingine kabisa. Anayetumia neno kesi bila kulifafanua huenda akaomba jambo la kwanza ilhali anahitaji la pili.

Uchunguzi unatokana na kitenzi -chungua, yaani kutazama jambo kwa makini ili kulielewa. Daktari huchunguza, mtafiti huchunguza, tume huchunguza. Upelelezi unatokana na -peleleza, yaani kufuatilia habari, mara nyingi kwa siri, hadi kumfikia mhusika. Tanzania imeishika tofauti hii vyema. Wakili wa serikali husimama mahakamani na kusema kwamba upelelezi haujakamilika, lakini rais huunda tume ya uchunguzi. Nchini Kenya neno uchunguzi limetanuka na kufunika yote mawili, ingawa mpelelezi amebaki mpelelezi.

Tofauti hii si ya kamusi peke yake. Mnamo Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa na polisi jijini Dar es Salaam. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa. Tume ilichunguza, na maofisa wa polisi wakashtakiwa. Hata hivyo, mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachilia huru washtakiwa wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu kifo, huku ikiacha kuachiliwa kwa mshtakiwa mkuu kama kulivyokuwa. Funzo lililomo ni hili: uchunguzi wa tume huweza kuieleza jamii kilichotokea, lakini mahakama ya jinai huhitaji matunda ya upelelezi, yaani mashahidi, vielelezo na mnyororo wa ushahidi usiokatika. Mfiwa anayeomba "uchunguzi huru" huenda akapewa tume na ripoti, ilhali alichokihitaji ni mpelelezi na mshtakiwa.

4.0 Neno "Huru" na Maana Zake Tatu

Katika maombi haya hakuna neno linalotumiwa zaidi ya huru, wala linaloeleweka kwa namna nyingi kuliko hilo. Tumebaini maana tatu zinazochanganywa.

Maana ya kwanza ni "kutoka nje". Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alipouawa mwezi Februari 1990, serikali ya Rais Moi iliwaita wapelelezi wa Scotland Yard wakiongozwa na John Troon. Padri John Anthony Kaiser, Mmarekani, alipokutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha mwezi Agosti 2000, wapelelezi wa FBI walishiriki. Katika tukio la kwanza, Tume ya Jaji Gicheru iliyofuata ilivunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi. Katika tukio la pili, ripoti ya FBI iliegemea upande wa kujiua. Uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo hicho, uliosimamiwa na hakimu Maureen Odero, ulihitimisha mwaka 2007 kwamba padri aliuawa. Hivyo mgeni si lazima awe huru, na aliye huru si lazima apatie. Aliyelikosoa hitimisho la wageni alikuwa hakimu wa hapahapa nchini, akiwasikiliza mashahidi hadharani.

Maana ya pili ni "kutoka juu". Wafiwa wengi wa Voi au Taveta wakisema wanataka mpelelezi huru, wanamaanisha maofisa kutoka makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) jijini Nairobi, wasiojuana na watu wa mahali. Ombi hilo lina mantiki, na linaweza kukubaliwa ndani ya idara yenyewe. Lakini kwa ufasaha hilo ni kubadilisha maofisa, si kuhamishia upelelezi kwa chombo huru. Faili limetoka mkono mmoja wa mwili na kuingia mkono mwingine wa mwili uleule.

Maana ya tatu ni "huru kwa mujibu wa sheria", yaani chombo kilichoundwa kisipokee amri kutoka kwa wale kinaowapeleleza. Nchini Kenya chombo cha namna hiyo kuhusu polisi ni Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi (IPOA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Sheria hiyo inaitaka ichunguze vifo na majeraha mabaya yaliyosababishwa, au yanayoweza kuwa yamesababishwa, na polisi. Mwezi Agosti 2014 msichana wa miaka 14 alipigwa risasi na polisi nyumbani kwao Kinango, Kaunti ya Kwale. Mamlaka iliingilia, mwili ukafukuliwa na kufanyiwa upasuaji, na mwaka 2016 maofisa wawili wakahukumiwa kifungo cha miaka saba kila mmoja.

Ieleweke hapa kwamba Mamlaka hiyo si mlango wa kila mfiwa. Mauaji ya Bridges hayakudaiwa kufanywa na polisi. Hata kama tukio hilo lingetokea baada ya mwaka 2011, Mamlaka isingeweza kulichukua faili la mauaji yenyewe. Ingeweza tu kupokea malalamiko dhidi ya polisi waliozembea au waliopendelea. Aidha, Mamlaka haishtaki. Humpelekea Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP) mapendekezo yake. Mwandishi wa habari anayeandika kwamba "IPOA imewashtaki maofisa" anampa msomaji matumaini yasiyo na mzizi katika sheria.

5.0 Kuomba, Kuelekeza, Kuagiza na Kuamuru

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kumtaka mtu afanye jambo, na kila kimoja kina cheo chake. Mdogo humwomba mkubwa. Mkubwa humwagiza mdogo. Katiba ya Kenya ya 2010 imejengwa juu ya vyeo vya namna hiyo. Kifungu cha 245 kinasema kwamba hakuna mtu anayeweza kumwelekeza Inspekta Jenerali wa Polisi kuhusu upelelezi wa kosa mahususi. Waziri haruhusiwi, na mbunge haruhusiwi. Lakini Kifungu cha 157 kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze habari au madai yoyote ya jinai, na Inspekta Jenerali sharti atii. Maelekezo hayo yanapaswa kuwa kwa maandishi.

Kwa hiyo, mfiwa wa Voi anayemwendea mbunge ili "aamuru kesi ichunguzwe upya" amekwenda kwa mtu asiye na kitenzi hicho. Mwenye kitenzi cha kuelekeza ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na barua ya kwanza ingefaa kumfikia yeye.

Mahakama nayo ina kitenzi gani? Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu akidai kwamba haki yake, au ya mtu mwingine asiyeweza kujitetea, imekiukwa. Mahakama Kuu huweza kuamuru. Hata hivyo, majaji wa Kenya wamesisitiza mara nyingi kwamba hawatajifanya wapelelezi wala viongozi wa mashtaka, na kwamba wataingilia tu pale inapothibitishwa kuwa mamlaka imetumiwa vibaya au wajibu wa kisheria umekataliwa kutekelezwa.

Ulinganisho na India unafaa. Mwaka 2010 benchi la majaji watano wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri lililotokana na mauaji ya Garbeta, Bengal Magharibi, mwaka 2001, liliamua kwamba mahakama kuu za majimbo zinaweza kuamuru upelelezi ukabidhiwe Ofisi Kuu ya Upelelezi (CBI) hata kama serikali ya jimbo haijaridhia. Lakini majaji waliongeza kwamba uwezo huo utumike kwa nadra na kwa tahadhari, wala si kwa sababu tu mtu ameyataja mabaya ya polisi wa mahali. Hata pale ambapo mlango upo na umefunguliwa, kumwita mtu ngedere hakutoshi. Sharti uonyeshe mkia wake.

Mlango mwingine, ambao mara nyingi husahauliwa, ni uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo, unaofanywa na hakimu kabla ya mtu yeyote kushtakiwa. Alexander Monson, raia wa Uingereza, alifariki mwezi Mei 2012 baada ya kuzuiliwa na polisi huko Diani. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba alizidisha dawa za kulevya. Uchunguzi wa hakimu, uliokamilika mwaka 2018, uliyakataa maelezo hayo, na mwaka 2021 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliwatia hatiani maofisa wanne. Mlango huu una faida kwa mwananchi wa kawaida: katika mahakama ya hakimu, sheria inatambua Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha ya kesi.

6.0 Mauaji, Kifo na Nia

Maofisa wa Kinango na wa Diani hawakutiwa hatiani kwa kosa lilelile ambalo umma ulilitaja. Wafiwa na magazeti walisema mauaji. Mahakama ilisema kuua bila kukusudia. Katika Kiswahili, mauaji ni neno pana linalobeba kila tendo la kuua. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya kuna makosa mawili, na kinachoyatenga ni nia ovu iliyotangulia tendo. Mfiwa aliyeambiwa kwamba "kesi ya mauaji imeshinda", kisha akasikia kifungo cha miaka saba, hudhani amechezewa. Huenda hakuchezewa, huenda hakufasiriwa.

7.0 Namna ya Kuliandika Ombi

Maombi ya kikatiba husikizwa na Mahakama Kuu, na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema lugha ya mahakama hiyo ni Kiingereza. Katiba nayo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na inamhakikishia mshtakiwa mkalimani bila malipo. Mfiwa si mshtakiwa. Mama wa Sagalla anayefikiri kwa Kisaghala na kusimulia kwa Kiswahili hufika kwa jaji akiwa amepita katika mikono ya watu wawili au watatu. Kila mkono huweza kupunguza au kuongeza. Kwa bahati njema, Katiba inataka taratibu za maombi ya haki zirahisishwe, na kanuni za mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua au ombi la mdomo. Mwandishi wa barua hiyo, mara nyingi kijana aliyesoma katika familia, ndiye mwanafunzi wetu.

Tutazame mfano wa kubuni. Mfiwa anasimulia hivi:

"Polisi wa hapa hawataki kuchunguza kwa sababu wamehongwa na kila mtu anajua. Tunataka kesi ipelekwe kwa watu huru."

Uchungu wa sentensi hizi ni wa kweli, lakini jaji hana la kushika. Hakuna tarehe, hakuna tendo, hakuna chombo, na dai la hongo limeegemezwa kwa "kila mtu". Tuliandike upya:

"Siku ya tatu baada ya kifo niliandikisha taarifa kituoni na kupewa nambari ya Kitabu cha Matukio. Niliwataja mashahidi wawili. Siku 90 zimepita na hakuna aliyeitwa. Ofisa anayelishika faili ndiye aliyeongoza doria usiku huo. Nilimwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na sijajibiwa. Ninaomba aelekeze upelelezi ufanywe na maofisa wasiomhusu ofisa huyo, na maendeleo yake yaarifiwe mahakama katika muda utakaowekwa."

Tanbihi kwamba neno huru halimo katika ombi la pili, lakini maana yake imo. Mfiwa ameeleza ni uhusiano upi unaoharibu upelelezi na ni nani mwenye uwezo wa kuukata. Ameacha pia kumtuhumu mtu kwa asichoweza kukithibitisha, jambo linalomkinga yeye mwenyewe.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ombi la kuhamisha upelelezi wa mauaji ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya sheria. Kesi si upelelezi. Upelelezi si uchunguzi. Mgeni si huru. Kuomba si kuelekeza. Na si kila mauaji ni kuua kwa kukusudia. Wataalamu wa Kiswahili wamesifiwa kwa kuunda istilahi za sayansi na teknolojia. Istilahi za kituo cha polisi na za chumba cha mahakama zimeachwa zijitafutie maana zenyewe, ilhali ndizo anazozihitaji mtu siku anapopoteza kila kitu isipokuwa sauti yake.

Usemi tulioanza nao umetufikisha nusu ya njia. Baada ya kumkataa ngedere, inabaki kazi ya kumtaja hakimu kwa jina lake, kwa uwezo wake na kwa kifungu chake.

Maswali ya Mjadala

1. Kusanya vichwa vya habari 10 vya magazeti ya Kiswahili vinavyotumia neno uchunguzi. Ni vingapi vingefaa kutumia upelelezi? Toa sababu.

2. Linganisha matumizi ya mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa nchini Kenya na Tanzania. Je, tofauti hizo zinaweza kumdhuru mtu ambaye bado hajafikishwa mahakamani?

3. Tafuta katika lugha yako ya kwanza maneno yanayotenga kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Eleza namna unavyoweza kuyafasiri kwa Kiswahili bila kupoteza tofauti hiyo.